Jina la Gaudensi kwenye Vioo Vyote

Sumbawanga,
Jumapili, baada ya Misa ya pili

Mama Tekla, mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitika, hata kama mikono yako iko kwenye unga.

Kabla sijasema langu nauliza kwanza mgongo wako. Siku ile tulipoongea kwenye simu nilikusikia unakata pumzi kila ukiinama, nikakuuliza, ukasema ni vumbi la maharage. Mama Tekla, vumbi la maharage nalijua linavyokoholewa, nimelala nalo nyumba moja tangu tuoane. Ule ulikuwa mgongo. Niambie ukweli, na kama ni kuinua magunia, mwite shemeji aje ayainue yeye, asisubiri kuitwa kwenye pombe tu. Tekla anaendeleaje na masomo? Na mama mkwe, kile kidonda cha mguu kimefunga, au bado mnakiosha kwa maji ya chumvi?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku ndiyo inayonisumbua. Nilidhani Kasulu tunajua baridi, kumbe tulikuwa tunaisikia kwa jirani. Upepo unashuka kutoka milimani, unapita hapa mjini bila kupiga hodi, na asubuhi mtu ukishika bomba la maji unaliachia haraka kama umeshika la moto. Lile sweta la kijani ulilonifumia silivui. Mwenye nyumba wangu ananitania, anasema, "Mha umegeuka mgomba, huvuliwi majani."

Nimeandika kwa sababu ya lile swali lako. Ulisema kwenye jumuiya wanakuuliza, "Baba Tekla anafanya kazi gani huko Rukwa?" Unajibu, "Kompyuta." Wanasema, "Anazifanyaje?" Unanyamaza. Kwenye simu sikuweza kukueleza, salio linakata tukiwa bado kwenye habari za mbuzi. Na wiki hizi yametokea mambo ambayo ukiyasikia utaielewa kazi yangu kuliko ambavyo ningekueleza kwa maneno matupu. Kaa chini basi, usome taratibu.

Ofisi yetu ni ya ushirika wa wakulima. Tunakusanya mahindi na ulezi kutoka vijijini, mzigo mwingine unabaki nchini, mwingine unavuka kwenda Zambia kwa mpaka wa Kasesya. Barua zote zinakuja kwa kompyuta, zile wanazoita barua pepe, na zote zinaingia kwenye sanduku moja la ofisi. Lori likifika Kasesya linasimama pale mpaka hati zake zitumwe kutoka kwetu. Tukichelewa sisi, dereva analala chini ya lori lake na baridi hii.

Sasa, usidhani kila mfanyakazi ana kompyuta kamili mezani. Hapana. Kila mmoja ana kioo na vitufe vya kuandikia tu. Akili yote iko kwenye kompyuta moja kubwa, iko chumba cha nyuma, inaitwa seva. Ni kama ukoo mzima unaopikia chungu kimoja. Mtu anaingiza jina lake na neno lake la siri, seva inamtambua, inamfungulia kazi zake. Akikaa kioo kile au hiki ni sawasawa, anatambuliwa kwa jina lake.

Chumba hicho cha nyuma ndimo ninamokaa mimi na fundi wetu, Eliya. Ni mtu wa Mbeya, amesoma chuo, mpole, hapandishi sauti hata seva ikizima. Mimi na kozi yangu fupi ni msaidizi wake. Mtu mpya akija ninamwandikisha jina, mtu akisahau neno lake la siri ninampa jingine. Ndiyo kazi yangu hiyo, waambie wa jumuiya.

Shida ilianzia kwenye vitu vinavyoitwa viongezo. Ile programu ya kusomea barua pepe inakuja ikiwa na kazi zake za kawaida, lakini mtu anaweza kuipachikia vidude vya ziada: kimoja kinatafsiri, kingine kinakukumbusha vikao, kingine kinapamba jina lako chini ya barua. Kila aliyesikia habari ya kidude kipya alikitaka naye. Na kwa kuwa chungu ni kimoja, kidude kilichowekwa pale kilikuwa kinamfungukia kila anayeingia, awe anakihitaji au hakihitaji. Wote wakiingia asubuhi, seva inabeba mzigo wa kila kidude mara idadi ya watu. Ikawa inastaki, yaani inaganda. Mtu anabonyeza barua, anakwenda kunywa chai, anarudi, anakuta haijafunguka. Simu zinapigwa kutoka Kasesya: "Hati ziko wapi?" Hati zipo kwenye kioo, mtu anazitazama, ila haziendi.

Eliya akavifuta vyote, akabakiza kimoja tu, ambacho ndicho kilikuwa kizito kuliko vingine vyote. Hicho nacho kilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni mzee Gaudensi, karani wetu wa masjala. Ni Mfipa wa Msanzi, mtu mrefu mkimya, tunasali kanisa moja. Nilipofika hapa mgeni, ndiye aliyenionyesha jumuiya ya karibu na ninapolala, na ndiye aliyenifundisha kusalimia wazee wao, maana huku wanainama kidogo na kupiga makofi polepole, na usipofanya hivyo wanakuona umelelewa na mbuzi. Macho yake yanakwisha. Daktari amemwambia ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi. Anamwona mtu akisimama mbele yake, anaona mlango, lakini herufi kwenye kioo zimemkimbia. Na muda wake wa kustaafu bado haujafika.

Kile kiongezo kinasoma barua kwa sauti. Mzee anavaa visikizio masikioni, anabonyeza alama ndogo ya sikio juu ya barua, anasomewa. Kisha anajua barua ni ya nani, aipeleke wapi. Sauti yenyewe ni ya kike, na Kiswahili chake, Mama Tekla, ungecheka. Inakisoma kama mtawa wa kizungu aliyeshuka kwenye ndege jana. Ofisi nzima tunaiita Sista. Mzee mwenyewe husema, "Subirini, Sista ananisomea."

Siku moja meneja wetu alituita. Ni mama wa makamo, mkali kidogo, lakini hana chuki na mtu. Eliya akasema, "Mama, seva imeelemewa. Nimeondoa vyote, kimebaki hiki cha kusoma. Nikikifunga, ofisi itapumua."

"Ukikifunga, mzee Gaudensi atafanyaje kazi?"

Eliya akatazama viatu vyake. "Hilo si la kompyuta, mama."

"Basi ni langu," meneja akasema. "Karani asiyeona barua nitamweka wapi? Nitamwandikia apumzike mapema. Arudi Msanzi akalime."

Mzee mwenyewe alikuwa ameshaingia na mafaili mkononi, hatukumwona. Akasema, "Mama, kulima nitalima. Ila kupalilia kwa kupapasa, nitang'oa ulezi wote niyaache magugu."

Tulicheka, halafu tukaona si la kucheka. Msanzi kwake wanamtegemea yeye, mkewe ni mgonjwa wa muda mrefu, na shamba limewashinda. Akirudi kabla ya kustaafu, anarudi mikono mitupu. Kila mtu mle chumbani alilijua hilo, hata meneja.

Mimi nikauliza, kwa woga, "Fundi, haiwezekani kikawa cha kwake peke yake?"

"Inawezekana," Eliya akasema. "Nilikuwa nakwepa kumjengea mtu mmoja mlango wake, maana kesho watakuja kumi. Lakini inawezekana."

Meneja akafikiri. Akasema, "Jaribuni. Ila malori yakikwama tena Kasesya kwa sababu ya huyo Sista wenu, nafunga moja kwa moja, na sitaki kuombwa."

Eliya akakaa, akanionyesha anavyofanya, ili siku akisafiri nijue. Nikueleze kwa mfano. Kanisani watu wote wanaingia, lakini sakristia, kile chumba anachovalia padre, hawaingii wote. Anasimama mtu mlangoni anayewajua wanaoruhusiwa. Ndivyo alivyofanya kwenye seva. Alifunga kiongezo kwa watu wote. Kisha akatengeneza kikundi, akakiwekea jina la Gaudensi peke yake. Mtu akiingia, seva inauliza: huyu yumo kikundini? Yumo, inampakilia Sista. Hayumo, anapata barua zake kavu kama alivyozikuta. Tukazima vioo vyote, tukawaingiza watu upya sisi wenyewe kutoka kwenye seva, kila mmoja kwa jina lake. Mchana ule barua zilifunguka kama maji ya mfereji. Mzee alibonyeza sikio lake, Sista akasoma. Nilikwenda kanisani jioni nikasema asante.

Kesho yake asubuhi, seva ikastaki.

Keshokutwa yake, ikastaki tena. Lori la mahindi likakaa Kasesya kutwa nzima, dereva akapiga simu akitukana kwa Kiswahili na Kibemba. Meneja alipita mlangoni kwetu, akatutazama tu, akaenda zake. Nilijua maana ya mtazamo ule. Eliya akawa anakagua kila kitu upya, kikundi kina jina moja, mlango umefungwa, hakuna alipokosea. Akasema, "Baba Tekla, labda kweli hakizuiliki. Labda tukifunge tu." Mimi nikawa nasali tu, maana anachokijua yeye mimi sikijui.

Siku ya tatu akabadili njia. Badala ya kutazama kiongezo, akatazama ni nani wameingia kwenye seva saa ile. Majina yakajipanga kwenye kioo. Akaniita.

"Njoo uone. Huyu mzee ana vichwa vingapi?"

Nikatazama. Gaudensi. Gaudensi. Gaudensi. Gaudensi tena. Mstari mzima, na majina yetu mawili chini kama wageni.

Nikatoka kwenda chumba kikubwa wanakokaa wengine. Karibu na mlango anakaa Sabina, msichana wa mapokezi, Mfipa wa mjini hapa, mdomo wake hauna kitasa. Alikuwa anaandika barua. Juu ya kioo chake nikaona ile alama ya sikio.

"Sabina, umeingia kwa jina gani?"

"Jina la nani tena? Mimi nimekuta kimewaka."

"Kimewashwa na nani?"

"Babu. Kila siku anawasha babu. Ulidhani vinajiwasha kwa neema ya Mungu?"

"Na hilo sikio umelionaje?"

"Nimeliona. Nikajua tumepewa wote."

Hapo ndipo tulipoelewa. Mzee Gaudensi anatoka Misa ya alfajiri anakuja moja kwa moja ofisini, mlinzi anamfungulia. Yeye ndiye wa kwanza. Kipupwe kilipoanza, akaona wenzake wanafika vidole vimekufa ganzi, wengine wametoka mbali kwa baiskeli, halafu wanakaa kusubiri kioo kiamke. Kwa hiyo akawa anapita meza kwa meza, anaviwasha vyote, na kwa kuwa kioo hakifunguki bila jina, anaingiza jina lake na neno lake la siri. Watu wanakuja wanakuta kazi iko tayari. Sanduku la barua ni moja la ofisi nzima, mtu anasoma, anajibu, anaandika jina lake chini. Nani atajiuliza kioo kimefunguliwa kwa jina la nani? Mimi na Eliya tulikuwa hatujui, chumba cha nyuma kina kufuli na ufunguo tunao sisi.

Kwa hiyo mlango wetu ulikuwa unafanya kazi sawasawa. Ulikuwa unamruhusu Gaudensi peke yake. Ila Gaudensi alikuwa amekaa kila meza.

Nilifurahi, nikadhani yamekwisha. Eliya hakufurahi. Akasema, "Baba Tekla, hapa sasa ndipo pabaya." Kumbe ofisi ina sheria, sote tuliiwekea sahihi: mtu akimpa mwenzake neno lake la siri, au akimwachia afanye kazi kwa jina lake, anaachishwa kazi. Akasema, "Nisipomwambia mama, ataniuliza seva ilistaki kwa nini, nami siwezi kusema uongo. Nikimwambia, nimemfukuzisha mzee."

Mimi sikumshauri, nilijua hakuna njia ya kupita pembeni. Mwisho akainuka, tukaenda wote.

Meneja alimwita mzee. Akaja, akasimama, kofia ya sufu mkononi.

"Mzee Gaudensi, umewapa watu neno lako la siri?"

"Sijampa mtu, mama. Liko kichwani mwangu. Mimi nimewasha tu."

"Kuwasha kwa jina lako ni kuwapa."

"Mama, kwetu Msanzi anayetangulia kuamka ndiye anayewasha moto. Majirani wanakuja na kigae, wanachukua kaa, kila mtu anakwenda kuwasha kwake. Sijaona mtu anaulizwa moto huu una jina la nani. Nikaona hawa watoto wanafika wanatetemeka. Nikasema, macho yangu hayawasaidii kitu ofisini humu, angalau mikono inaweza kuwatangulia."

Meneja akamgeukia Eliya. "Sheria inasemaje?"

Eliya akajibu kwa sauti ndogo, "Inasema anaachishwa."

"Basi tuachishwe wote!" Sauti ya Sabina, kutoka nje.

"Sabina, nani kakuita?"

"Hakuna, mama. Ni mlango tu uko wazi."

"Ufunge."

Mlango haukufungwa. Nikawaona na wengine nyuma yake, wamesimama, hakuna anayekwenda mezani kwake.

Meneja akamwambia Eliya, "Nioneshe hayo majina ni ya vioo gani na gani. Nataka kujua nani walikuwa wanafanya kazi kwa jina la mtu mwingine bila kusema." Alikuwa amekasirika kweli. Eliya alikuwa amekuja na karatasi, akaanza kusoma: chumba kikubwa, meza ya dirishani. Chumba kikubwa, meza ya katikati. Mapokezi. Stoo. Akaanza kuikunja karatasi.

"Malizia."

"Na hiki, mama."

"Hiki kipi?"

"Hiki kilicho mbele yako."

Mzee huwa anampelekea meneja barua za mkono asubuhi, anaziweka mezani, na kioo chake anakiwasha vilevile kama cha wengine, hakumbagua. Meneja akakitazama kioo kama amekiona leo. Akanyoosha kidole, akabonyeza ile alama ya sikio. Yeye mezani ana spika, huwa anasikiliza kwaya mchana. Sista akaanza kusoma kwa nguvu, kwa lafudhi yake ile, barua ya dereva wa Kasesya: kwamba lori bado limekwama, kwamba amelala nje, na kwamba Mungu anawaona.

Sabina ndiye aliyecheka kwanza. Mkono ameuweka mdomoni lakini ilishatoka.

Meneja hakucheka. Akavua miwani. Akasema, "Kumbe ni huyu. Nilidhani hili sikio ni tangazo la biashara." Kisha akasema polepole, kama anajisemea, "Kwa hiyo na mimi nimekuwa Gaudensi tangu kipupwe kianze."

Akairudisha miwani usoni.

Akasema, "Sheria ikimshika yeye, inaanza kunishika mimi niliyeitunga. Siwezi kumwachisha mtu halafu nikabaki nimekalia kiti." Akaamuru hivi: kila mtu apewe onyo la maandishi, na jina lake yeye liwe la kwanza. Kuanzia kesho kila mmoja aingie kwa jina lake mwenyewe. Sista abaki kwa mzee Gaudensi, kwa yeye tu, mpaka siku atakayostaafu. Na mzee asiwashe kioo cha mtu mwingine tena, hata cha meneja, hata kukiwa na barafu. "Siku nitakayokuta umewasha," akamwambia, "sitaweza kukusaidia."

Mzee akapiga makofi yale ya polepole, akainama, akatoka.

Nilimfuata ukumbini. Nilidhani atakuwa na furaha, maana amepona. Akaniuliza, "Kwa hiyo asubuhi niote moto peke yangu?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo sharti la kubaki."

"Ni sharti gumu," akasema. "Lakini nimelisikia."

Tangu hapo seva haijastaki. Malori yanavuka. Eliya ameanza hata kupiga mluzi. Siku za mwanzo nilikuwa na kazi kubwa, kumbe ofisi nzima walikuwa wameyasahau maneno yao ya siri, hawajayatumia muda mrefu, kila mtu ananijia mlangoni kama kwenye kitubio. Mzee bado anafika wa kwanza. Nilikwenda mapema siku moja kumtazama. Alikuwa amekaa mbele ya kioo chake kimoja, visikizio masikioni, na vingine vyote vyeusi nyuma yake. Hakugeuka. Wenzake wakifika anawapa pole, kila mmoja, kama wamefiwa na mtu.

Na mimi sasa ndiye nimeachiwa ule mlango. Sabina alikuja na biskuti, akasema, "Baba Tekla, niongeze na mimi kwa Sista, macho yangu nayo yananyemelea."

"Yananyemelea nini? Wewe unasoma bei ya vitenge ng'ambo ya barabara ukiwa umekaa."

"Basi niwekee wiki moja tu, nijifunze Kiswahili cha kizungu."

Nikakataa. Biskuti tulikula. Lakini nikuambie siri yangu, wewe ndiye ninayekuambia: kukataa kunanichosha. Tangu utoto nimefundishwa kwamba mtu akikuomba kilicho mkononi mwako unampa. Sasa nalipwa mshahara kwa kusema hapana, na nikisema ndiyo kwa wengi, yule mmoja anayehitaji anakosa. Nimelisali jambo hili. Sijapata jibu, nimepata usingizi tu, na huo nao nashukuru.

Jambo la mwisho. Juzi mzee alinifuata wakati wa chai, akatoa bahasha mfukoni. Binti yake ameolewa Kipili, ziwani, na simu ya kule inashika siku inayotaka, kwa hiyo humwandikia kwa mkono. Akasema, "Sista hajui mwandiko wa mwanangu. Nimemwonyesha kila upande, amenyamaza." Tukakaa nje penye jua, nikamsomea. Ilikuwa ya habari za kawaida, dagaa wamepungua, mtoto ameota meno. Aliniomba niirudie yote, nikairudia. Kisha akaniuliza kama wewe unaandika. Nikasema unaandika, ila mpaka ukumbushwe. Akasema nikipata yako nimsomee zile sehemu zinazofaa kusikiwa na watu, apate kujua Kasulu mnaishije. Nimemwahidi.

Nisalimie mama mkwe, mwambie shikamoo yake iko kwenye mstari huu, na mguu auinue akikaa. Shemeji mwambie magunia. Katekista wetu mwambie naendelea na rozari, ila kwa kutetemeka. Mama mkunga wa jirani, yule aliyempokea Tekla, mpe mkono wangu. Tekla mwenyewe mwambie baba yake anamwombea kila jioni, na kwamba neno la siri asimwambie mtu, hata siku akiwa na kompyuta yake. Mdogo wake mbusu kichwani, akikubali.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kuja huko kupitia Mpanda, ni mtu mwaminifu, ataiachia stendi ya Kasulu kwa yule mama wa chai.

Mimi mumeo,
Baba Tekla

Nijibu mapema, mke wangu, na uandike kwa herufi kubwa kidogo, mwandiko wako hata mimi hunisumbua. Na mgongo usiusahau.